Tochi ya mfukoni na plaizi ya kukunja: namna ya kuchagua, kubeba na kutunza kwenye vumbi la Dodoma

Kazi yangu ni kufunga sola. Wiki nyingi nipo Bahi, Chamwino au njia ya Kondoa, na jioni nyingi giza hunikuta sijakaza skrubu ya mwisho. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja wilayani Bahi, bodaboda aliyenileta aliondoka na sanduku langu la vifaa likiwa bado limefungwa nyuma ya pikipiki. Ilikuwa saa moja na nusu usiku, mtandao hakuna, na waya mmoja wa betri ulikuwa unacheza. Mzee mwenye nyumba akanimulikia kwa simu yake ya kitochi, mimi nikageuza kisu cha jikoni kuwa bisibisi. Kichwa cha skrubu kikalika mpaka kikawa duara. "Mwanangu," akasema kwa upole, "fundi hatembei mikono mitupu." Nililala pale pale, na familia ile ikalala gizani ilhali betri imejaa chaji.

Tangu usiku ule vitu viwili havitoki mfukoni mwangu: tochi ndogo na plaizi ya kukunja, ile ambayo ndani ya mikono yake mmefichwa kisu, bisibisi, tupa na vinginevyo. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuvibeba kila siku, awe fundi, mwalimu, dereva wa bajaji, mama wa genge au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kanuni yangu ni moja: nunua kile ambacho kweli utatembea nacho. Kitu kizito utakibeba wiki ya kwanza kwa sababu ni kipya, wiki ya pili utakiacha kitandani, na siku ya shida kitakuwa kabatini.

Hatua ya 1: Andika shida zako kwa wiki mbili

Usianzie dukani. Chukua daftari dogo, au andika kwenye simu, na kwa wiki mbili weka kumbukumbu ya kila mara uliposema moyoni "laiti ningekuwa na…". Andika na saa iliyotokea. Orodha yangu ya wiki moja ya Agosti, majira ya upepo, ilikuwa hivi: mwiba wa mgunga uliozama wote kwenye tairi la pikipiki hata vidole haviushiki, skrubu ya miwani ya mama mkwe iliyolegea, mfuko wa saruji wa kufungua, waya wa spika wa kumenya, umeme kukatika tukiwa mezani, funguo iliyoanguka kwenye mchanga nje ya geti, na choo cha nje saa nane usiku.

Kati ya shida hizo saba, tatu ni za mwanga. Moja ni ya kuvuta, mbili za kukata, moja ya bisibisi. Hakuna hata moja iliyohitaji kisu kirefu, wala kifaa chenye zana ishirini. Orodha yako itakuwa na sura yake. Mshonaji ataona mkasi unajirudia, mtu wa kompyuta ataona bisibisi ndogo ya nyota, mkulima wa zabibu ataona kisu cha kukatia kamba na matawi. Hiyo orodha ndiyo uende nayo sokoni, kwa sababu bila hiyo utanunua kwa macho.

Hatua ya 2: Anza na tochi

Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua tochi. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na likishazama giza haliji taratibu. Wengi hutegemea tochi ya simu. Inasaidia, lakini inakula chaji ile ile unayoihitaji kupiga simu na kutuma hela, haielekezwi vizuri, na simu ikiteleza ukiwa juu ya dari hasara yake ni kubwa kuliko kazi yenyewe.

Sasa maneno ya kwenye boksi. Lumeni ni kiasi cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Macho yetu hayahesabu kama kikokotoo: ili uone mwanga umekuwa maradufu, lumeni zinatakiwa ziongezeke karibu mara nne. Kwa hiyo usibabaike na tofauti ya 300 na 350, hutaiona. Kwa matumizi ya kawaida, lumeni moja au chini yake inatosha kumwangalia mtoto aliyelala bila kumwamsha. Lumeni 10 hadi 30 zinatosha kutafuta kitu kwenye begi au kusoma. Lumeni 100 hadi 150 zinatosha kutembea njia ya vumbi kutoka stendi mpaka nyumbani. Zinazozidi 300 ni za kuangalia mwisho wa shamba au kujua ni nani anayegonga geti. Tochi nzuri ya mfukoni huwa na ngazi hizo zote, na la muhimu ni ianze na ndogo. Tochi inayowaka kwa nguvu zote kila ukiibonyeza itakupofusha usiku wa manane, na utakaa dakika kadhaa huoni kitu.

Boksi pia huandika umbali kwa mita. Katika kipimo kinachotumiwa na watengenezaji makini, umbali huo unaishia pale mwanga uliobaki unapokuwa 0.25 luksi, yaani sawa na wa mbalamwezi kamili. Huwezi kumtambua mtu kwa mwanga huo. Gawanya kwa mbili, hapo utapata umbali wa kufanyia kazi. Saa za kuwaka nazo hupimwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo "saa 4" haina maana ya saa nne za mwanga mkali.

Kuna namba nyingine ambayo huku kwetu ningeiweka mbele ya lumeni: IP. Ikiandikwa IP65 au IP68, tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa; ya pili inahusu maji. Ikiandikwa IPX8, ile X inamaanisha upande wa vumbi haujapewa kipimo. Watu wengi husoma ile 8 wakaridhika. Dodoma mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, miezi iliyobaki ni vumbi tupu, kwa hiyo tafuta 6 mwanzoni.

Rangi ya mwanga nayo si urembo. Tochi nyingi za bei nafuu zina mwanga wa kibuluu unaofanya waya wa kahawia na mwekundu ufanane. Kwa fundi hilo ni jambo la hatari, na kwa anayesafisha kidonda pia, maana damu na uchafu vinaonekana rangi moja. Ukiona CRI, yaani kipimo cha uhalisia wa rangi, ni 90 au zaidi kwenye boksi, tochi hiyo inaonyesha rangi karibu na zinavyoonekana mchana. Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe, kutoka wa manjano hadi wa kibuluu; 4000 hadi 5000 ni mwanga wa kupumzisha macho. Mimi niliacha lumeni nyingi nikachukua rangi nzuri, na sijajuta.

Neno moja juu ya nge, kwa sababu huku tunaishi nao. Nge akimulikwa na mwanga wa urujuanimno, ule wa zambarau unaotumika kukagua noti, mwili wake hung'aa rangi ya kijani-buluu gizani. Zipo tochi ndogo zenye balbu hiyo ubavuni. Mara ya kwanza nilipoiwasha nyuma ya choo cha shangazi kule Chamwino, niliona mmoja kwenye ufa wa tofali, amekunja mkia, anang'aa kama saa ya kizamani. Kwa mwanga wa kawaida ufa ule ulikuwa mtupu kabisa. Kama una choo cha nje au watoto wanaocheza na mawe jioni, tafuta tochi yenye balbu hiyo. Usiielekeze machoni, ya kwako wala ya mtu.

Hatua ya 3: Amua betri kabla ya umbo

Hapa ndipo wengi hukosea. Tochi ni nzuri kwa kadiri ya betri unayoweza kuipata ukiwa mbali na mjini. Betri za AA, zile za saa ya ukutani, na AAA, zile za rimoti, zinauzwa karibu kila duka la kijijini. Tochi ya AAA moja ni nyembamba kama kalamu nene, haikusumbui mfukoni, na ndiyo ninayompendekezea mtu wa ofisini. Ya AA moja ni nene kidogo na inakaa na chaji zaidi.

Betri za kuchaji za litiamu zina nguvu zaidi kwa ukubwa uleule. Majina yake ni vipimo: 18650 ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, 14500 ina 14 kwa 50, yaani umbo la AA kabisa. Na hapo ndipo pana mtego. AA ya kawaida ina volti 1.5, lakini 14500 iliyojaa ina 4.2. Ukiiweka kwenye tochi iliyotengenezwa kwa AA peke yake unaweza kuiunguza papo hapo. Soma kwanza kama tochi inazikubali zote mbili. Zipo zinazokubali, na kwa maoni yangu hizo ndizo bora kwa mtu wa safari. Unachaji nyumbani, na ikiisha ukiwa porini unanunua AA dukani.

Kuhusu uongo wa sokoni: betri ya 18650 inayobeba kweli 9900 mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri) haipo duniani. Nzuri za kweli ziko kwenye 2500 hadi 3500 hivi. Ukikuta namba kubwa kama hiyo, au tochi ya ukubwa wa kidole inayodai lumeni 10000, iache. Niliwahi kununua moja ya aina hiyo. Ndani ya betri, nilipoichana ganda la plastiki, nilikuta kibetri kidogo kimezungushiwa unga mweupe ili kuongeza uzito. Nawe usiichane yako, betri ya litiamu ikitobolewa huwaka.

Kama tochi inachaji kwa kebo, jaribu na kebo yako kabla ya kuondoka. Baadhi zinakubali tu kebo yenye kichwa kipana upande wa chaja, na zinakataa ile yenye vichwa vidogo pande zote mbili. Chaji juu ya sakafu au meza ya mbao, usichaji juu ya godoro. Na usiiache tochi ya litiamu kwenye dashibodi ya gari Oktoba saa saba mchana. Joto lile linaua betri, na linaweza kufanya makubwa zaidi.

Hatua ya 4: Chagua plaizi kwa ukubwa wa kazi

Vifaa hivi vina koo mbili. Ya kwanza ni kisu cha kukunja cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, na karakana ile ndiyo Victorinox ya leo. Kisu chao kidogo kabisa cha Classic kina urefu wa milimita 58 na uzito wa gramu 20 hivi. Kina kisu kidogo, mkasi, tupa ya kucha yenye ncha ya bisibisi bapa, kibano na kijiti cha meno, lakini hakina plaizi. Ya pili ilianza na Mmarekani Tim Leatherman, aliyesafiri Ulaya mwaka 1975 na kigari cha Fiat kilichoharibika kila mara, mfukoni akiwa na kisu tu. Alichokikosa kila siku ni plaizi. Plaizi yake ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1983. Anayeendesha chombo kikuukuu barabara ya Mpwapwa atamwelewa mara moja.

Kwa uzito, Leatherman Wave+ ni gramu 241, Skeletool ni gramu 142. Hizo ni za kupimia tu, zipo kampuni nyingi nyingine. Gramu 240 kwenye suruali ya kitambaa cha ofisini inavuta mfuko mpaka mkanda unalegea. Kwenye suruali ya kazi au kwenye ala ya mkanda huisikii. Kwa mwalimu, karani au mwanafunzi, ningesema kisu kidogo chenye mkasi pamoja na tochi ya AAA, basi. Kwa fundi, dereva na mtu wa shamba, plaizi ya gramu 140 hadi 200 yenye mdomo mwembamba, kisu, bisibisi ya nyota, bisibisi bapa na tupa. Zana zikizidi hapo, zinaanza kuzidi na uzito. Na zenye shoka au nyundo nimezijaribu: nyundo haipigi, na mkono wa plaizi unapinda.

Mdomo mwembamba ndio unaovuta ule mwiba wa mgunga. Shika mwiba karibu na mpira, vuta kuelekea ulikotokea bila kupindisha, maana ukikatika ndani utatoboa tyubu mpya utakayoiweka.

Hatua ya 5: Jaribu dukani, usione haya

Majengo na Sabasaba utapata za kila namna, nzuri, za kati na za kuiga. Muuzaji mzuri hatakukataza kujaribu. Mwambie kwa heshima, "Naomba niijaribu kidogo, kaka, kabla sijalipa," halafu uchukue muda wako.

Kwa plaizi: ifunge mdomo na uielekeze kwenye mwanga. Ncha zikutane kabisa. Mwanga ukipenya kwenye ncha, haitashika kitu chembamba. Kisha chomoa unywele mmoja wa kichwa chako, au uzi mmoja wa kanga, ujaribu kuushika na kuuvuta. Plaizi nzuri inaushika. Hiki ni kipimo kidogo lakini hakidanganyi. Tikisa mikono kushoto na kulia uone kama maungio yanacheza. Fungua kila zana kwa kucha. Iliyokuvunja kucha dukani haitafunguka kwa mikono yenye mafuta. Chukua bisibisi ya nyota uiweke kwenye skrubu yoyote iliyopo dukani, hata ya rafu, ugeuze kidogo. Ikiruka, mwachie. Kwa kisu, kifungue, uhakikishe kama kina kifuli cha kukizuia kisijifunge kwenye vidole, kisha bonyeza mgongo wake polepole kwenye mbao. Kisu kisicho na kifuli hakina kosa, ila usikitumie kuchoma au kutoboa.

Kwa tochi: fungua kitako. Uzi wa skrubu uzunguke laini, na uone oringi, ile pete nyeusi ya mpira inayozuia vumbi. Isipokuwepo, hiyo IP iliyoandikwa ni maneno. Imulike kwenye ukuta mweupe au karatasi uone rangi. Kisha fungua kamera ya simu uiangalie tochi ikiwa kwenye mwanga mdogo. Ukiona mistari inapita kwenye kioo cha simu, mwanga unazimika na kuwaka kwa kasi, na macho yako yatachoka ukifanya kazi nayo muda mrefu. Mwisho iache kwenye mwanga mkubwa kabisa kwa dakika tatu mkononi. Itapata joto na mwanga utashuka, hilo ni la kawaida kwa kitu kidogo, kinajilinda. Ikizimika ghafla au ikiwa haishikiki kwa moto, rudisha.

Hatua ya 6: Kila kitu kiwe na mahali pake

Mkono unatakiwa ujue bila kuuliza. Tochi yangu iko mfuko wa mbele kulia, imebanwa na kibanio chake, kichwa chini. Plaizi iko kiunoni kushoto kwenye ala. Anayetembea na mkoba ashone kamfuko kadogo ndani, karibu na mdomo wa mkoba, kwa sababu tochi iliyozama chini ya vitu vyote inahitaji tochi nyingine ya kuitafutia. Funga kipande cha kitambaa chekundu au cha rangi ya chungwa kwenye kitundu cha kamba. Udongo wa huku ni wekundu-kahawia, chuma cheusi kikidondoka jioni hukioni.

Tochi yenye swichi ya kielektroniki inaweza kujiwasha mfukoni na kuunguza nguo. Legeza kitako robo mzunguko inapokuwa haitumiki, hapo kwa tochi nyingi umeme unakatika kabisa, na hata betri haivuji chaji kidogo kidogo. Kama nyumbani kuna watoto, plaizi ilale juu, tochi ilale chini wanapoifikia.

Hatua ya 7: Mahali ambapo plaizi ya kukunja haiendi

Mikono yake ni chuma kitupu. Haina mpira wa kuzuia umeme. Usiiguse kwenye waya wa nyumba wenye umeme, hata kwa kuigusisha mara moja, hata kama umevaa ndala. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230 na unaua. Zima meni swichi, pima kwa testa, ndipo uguse.

Wenzangu wa sola husema volti 12 haina neno. Haikurushi, ni kweli, lakini nimeona bisibisi iliyogusa ncha mbili za betri kwa pamoja: cheche nyeupe, mlio kama wa kuni kupasuka, na chuma kikaganda pale pale kwenye risasi ya betri kikianza kuwa chekundu. Kama umevaa pete au saa ya chuma, ivue. Funga tepu ya umeme kwenye mkono mmoja wa plaizi unapokaza waya za betri, na kaza upande mmoja ukiwa umefunika ule mwingine kwa kitambaa kikavu. Paneli nayo haina swichi ya kuzima jua: ifunike na blanketi au kanga nzito kabla ya kushika waya zake.

Usikate waya wa klachi wala springi kwa meno ya kukatia ya plaizi ndogo. Ni chuma kigumu, kitaacha pengo kwenye meno. Usitumie kisu kama bisibisi wala bisibisi kama patasi. Kuna usemi wa mafundi kwamba kila kitu kina kazi yake, na ncha iliyovunjika haioti tena.

Hatua ya 8: Kutunza kwenye vumbi

Vumbi letu ni laini kama unga wa ngano na lina mchanga ndani yake. Likikutana na mafuta kwenye maungio linakuwa msasa. Kwa hiyo kosa kubwa ni kumwaga mafuta mengi.

Mara moja kwa mwezi, au kila baada ya safari ya upepo, fungua zana zote za plaizi na uipulize kwa pampu ya baiskeli. Kisha iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uisugue kwa mswaki wa zamani hasa pale kwenye mzizi wa kila zana. Utaona maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Suuza, futa, iache juani nusu saa ikiwa imefunguliwa yote. Ikishakauka weka tone moja, nasema tone moja, la mafuta ya cherehani kwenye kila ungio, fungua na kufunga mara kumi, kisha futa yote yaliyotokeza nje. Kisu kinoe kwenye kinoo chenye maji, ukiinamishe kama nyuzi 20, pande zote mbili kwa idadi sawa. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu.

Tochi haitaki kulowekwa. Fungua kitako, futa uzi wa skrubu kwa kitambaa kisicho na nyuzinyuzi mpaka weusi uishe, paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye oringi. Mafuta ya mgando huvimbisha baadhi ya mipira, yaache. Kioo usikifute kikavu kikiwa na vumbi, utakichora, pulizia kwanza.

Betri za kawaida za alkalini toa nje kama hutatumia tochi kwa zaidi ya mwezi. Niliharibu tochi nzuri kwa kuiacha na AA kwenye droo masika yote: nilipoifungua, springi ilikuwa na ukoko mweupe kama chumvi na betri imeng'ang'ania ndani. Uchafu ule ni wa kialkali, unaunguza ngozi, lakini ndimu au siki inaumaliza. Chovya pamba kwenye ndimu, sugua polepole mpaka povu liishe, futa kwa pamba yenye maji, kausha vizuri, kisha pitisha msasa laini kwenye springi. Ukiwahi, tochi itawaka tena. Mimi nilichelewa.

Hatua ya 9: Ukaguzi na safari

Uwanja wa ndege, kitu chenye kisu kinaenda kwenye begi la kupakiwa, na betri za akiba za litiamu zinakwenda nawe ndani ya ndege, kinyume chake kabisa. Watu huzichanganya zote kwenye begi moja na kupoteza mojawapo. Mahali pengine popote penye mashine ya kukagua mizigo au askari getini, na Dodoma mahali hapo ni pengi, sema mapema: "Afande, nina plaizi ya kazi yenye kisu kidogo, nikuachie?" Ukisema wewe kwanza, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Hatua ya 10: Fanya mazoezi gizani

Leo usiku zima taa zote. Simama katikati ya chumba, toa tochi, iwashe kwenye mwanga mdogo, izime, irudishe. Mara tano, bila kutazama. Kisha fungua plaizi na uifunge mara tano, vidole vikiwa nje ya njia ya kisu. Waonyeshe watu wa nyumbani tochi inapokaa na namna ya kulegeza kitako.

Na ukienda kwa watu usiku, mulika chini, miguuni pako, mwanga uwe mdogo. Usimmulike mzee usoni, hata kama unataka kujua ni nani. Simama mbali kidogo na mlango, geuza tochi ijimulike mwenyewe kifuani na usoni ili waliomo ndani wakuone, kisha piga hodi.